Koti la Kanada

Jumatatu, 1 Juni 2009

Kwa masikitiko makubwa, familia ya Mugisho wa Kisugu, Kampala, inawatangazia ndugu, jamaa na marafiki kifo cha blanketi lake, lililofariki leo alfajiri baada ya kuugua kwa miaka mingi. Marehemu alizaliwa Bukavu, akavuka mpaka akiwa kichwani mwa mke wangu, na amekufa akivutwa na watu wawili, kila mmoja upande wake. Ameacha wajane wawili wenye baridi. Matanga hayatakuwepo. Hakuna cha kujifunika.

Niliamka na nusu mkononi. Mke wangu Bibiane naye na nusu yake. Nikapendekeza kwamba kila mtu abaki na fungu lake kwa amani. Akaniangalia tu. Tumeoana zamani, najua macho yake yanayosema na yale yanayopiga. Haya yalikuwa ya kupiga.

Kisha akatoa hukumu. Kiuno chake kimechoka na hii saruji, na hili bati, na huu ukungu unaoingia chini ya mlango bila kubisha hodi. Nyumba isipopata joto kufikia Jumapili ya wiki ijayo, anakwenda kwa mdogo wake Annick, Wandegeya, na atakaa huko mpaka Agosti. Yeye na sufuria zake.

Na sufuria!

Nilisema tuingize sigiri ndani na kufunga mlango. Akaniuliza kama nataka tuzikwe kaburi moja au mawili. Ni kweli, makaa katika chumba kilichofungwa huua watu wakiwa usingizini. Nikasema basi jiko la umeme. Akaniuliza kama nimemsahau mama Santina. Sijamsahau. Santina ndiye mwenye nyumba, na mita ni moja kwa vyumba vyote vya safu yetu. Anaikalia kama kuku kwenye mayai.

Majirani hunicheka. Husema sisi wa Bukavu tumezaliwa kwenye baridi, sasa tunalia nini? Mimi huwajibu kwamba huko tulikuwa na mablanketi.

Siri ambayo sijamwambia Bibiane: yeye anaumwa kiuno, sawa, lakini mimi mgongo wangu umezoea mgongo wake. Akienda Wandegeya nitakuwa gogo la barafu. Lazima nifikiri.

Jumanne, 2 Juni

Nimefikiri! Maboksi!

Wazo nimelipata kwa Marjan, jirani yangu wa ukuta mmoja, Mnubi, dereva wa lori. Alisema aliwahi kubandika maboksi ndani ya kebini ya lori lake, akalala Kabale, kwenye baridi kali, kama mtoto tumboni. Nikazunguka madukani na vitenge vyangu begani. Sikuuza hata kimoja, lakini nilirudi na rundo la maboksi. Bure kabisa!

Gundi sikuwa nayo. Hapo ndipo elimu inaposaidia. Nilipika unga wa muhogo mpaka ukawa mzito wa kunata, nikapaka kuta zote nne mpaka mkono ulipofikia. Kazi safi. Chumba sasa kinasomeka: sabuni, biskuti, majani ya chai, sabuni tena.

Bibiane aliporudi alizungusha macho chumba kizima. Nikadhani amefurahi. Kumbe alikuwa anatafuta unga wa bugali. Nikamwonyesha kuta.

Tumelala na chai. Lakini joto lipo. Nadhani.

Alhamisi, 4 Juni

Ukuta unatembea!

Sikuamini macho yangu. Nilidhani ni homa. Nikausogelea: sisimizi! Mji mzima wa sisimizi, wenye barabara na foleni kuliko Kampala. Nyuma yao mende. Na nyuma ya mende, mlango ukiwa wazi, kuku wa mama Santina, anadonoa neno BISKUTI kuanzia mwisho.

Santina akaja kumfuata kuku wake. Akasimama mlangoni na mikono kiunoni. Alisema, namnukuu kwa sababu mtaa mzima ulisikia: “Mzee Mugisho, hii nyumba nilijenga na jasho. Sasa wewe unapatia kuku chakula kwa ukuta?” Nikamweleza habari za joto. Akasema joto atanipa yeye mwenyewe kama jioni ataikuta hata karatasi moja.

Nimebandua mpaka vidole vinauma. Maboksi yametoka na rangi ya ukuta imetoka nayo. Sisimizi wamekataa kutoka. Wanasema wamelipa kodi.

Bibiane hakunilaumu. Hilo ndilo lililonitisha. Amekaa kitandani akikunja nguo zake, moja juu ya moja, taratibu, karibu sana na begi.

Ijumaa, 5 Juni

Nimeshinda! Nimeshinda bei, nimeshinda baridi, nimeshinda Wandegeya!

Nilikwenda soko la Owino kutafuta blanketi la mivumba, yaani mtumba. Bei zake zilinifanya nipumzike kidogo juu ya furushi la mtu. Ndipo nikaliona, chini kabisa ya rundo: koti. Lakini si koti la kawaida. Koti la watu wanaopigana na theluji. Refu mpaka magotini, limejaa manyoya ya bata ndani, kofia yake ina ndevu. Muuzaji alipoona nalishika, alinishika mkono nisiondoke. Alisema amekaa nalo tangu mwaka juzi. Nani avae kitu kile Kampala? Alinipa karibu na bure, akanishukuru, kisha akanibembeleza nichukue na la pili kwa bei ile ile.

Ukilifungua zipu, linafunika watu wawili. Moja linatosha! Kununua mawili ni ubadhirifu.

Manyunyu yakaanza, nikalivaa. Nilitoka Owino mpaka Kisugu nikiwa ndani yake, kama waziri wa nchi ya mbali. Karibu na nyumbani nikakutana na mama Exaucée wa kwaya yetu, na beseni la dagaa wa sambaza kichwani. Akaniona. Akatua beseni chini. Akalitazama koti, akanitazama mimi, akainua mikono na kusema Mungu hawasahau walio wake. Nikasema amina, kwa sababu bei ile kweli ilikuwa ya mkono wa Mungu. Akanikumbatia na machozi juu. Nilishangaa. Mwanamke ana moyo! Alie namna hiyo kwa ajili ya koti la mtu!

Tumelijaribu. Miguu inabaki nje kidogo, lakini Bibiane amekoroma. Sijawahi kusikia kwaya tamu kama ile.

Jumapili, 7 Juni

Sijui nianzie wapi.

Bibiane alibaki nyumbani kupumzisha kiuno. Nikaenda kanisani peke yangu. Katikati ya matangazo, Jean-Claude akasimama. Huyu ndiye kiongozi wa kwaya, aliyeninyang'anya zamu yangu ya kuimba peke yangu wakati wa Pasaka kwa kisingizio kwamba naimba kama mlango. Akashika kipaza sauti, akafunga macho, akasema kanisa lishangilie, kwa maana ndugu yetu Mugisho ameitwa Kanada.

Nani? Mimi?

Niligeuka nyuma kumtafuta Mugisho mwingine.

Lilikuwa koti! Lazima niandike hapa, ili mtu atakayesoma daftari hili nikishakufa kwa aibu aelewe. Sisi Wakongomani wa Kampala tunaishi tukingoja simu ya ofisi ya wakimbizi, ya kuitwa kuhamia ng'ambo. Wengine wamengoja mpaka watoto waliowaandikisha wakiwa mgongoni wameota ndevu. Mtu akiitwa haambii mtu, anaogopa husuda. Lakini siku zikikaribia anateremka Owino kimya kimya kununua koti la theluji. Hakuna anayelinunua kwa sababu nyingine. Kwetu sisi, kumwona mtu na koti lile ni sawa na kumwona ndani ya ndege. Na mimi nimelivaa barabarani mchana kweupe!

Nilikanusha. Mungu shahidi, nilikanusha. Nikasema jamani, siendi popote. Kanisa zima likacheka kwa upendo. Mzee mmoja akanipigapiga begani, akasema hata shemeji yake alikanusha hivyo hivyo mpaka uwanja wa Entebbe.

Baada ya ibada walinifuata nyumbani. Wote! Walikaa kitandani, sakafuni, juu ya majerikeni, wengine mapajani mwa wengine. Waliimba, waliomba. Na zawadi: soksi za sufi, sweta, kofia za kufuma, na (moyo wangu!) blanketi zima, nene, halijaguswa na panya.

Sasa niseme ukweli mmoja. Katika wimbo wa tatu hivi nilihisi kitu mgongoni. Jasho. Nikatazama dirisha: vioo vinatoka machozi. Nyumba ilikuwa na joto! Binadamu, nimegundua, ni sigiri isiyokula makaa.

Bibiane alinivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini hii ni kitu gani. Nikamweleza. Akasema nenda uwaambie sasa hivi. Nikasema nitawaambia. Kesho. Waache kwanza ukuta ushike joto.

Jumanne, 9 Juni

Wamekuja jana. Wamekuja leo. Bado sijapata nafasi nzuri ya kuwaambia. Mtu akiwa anaomba kwa machozi huwezi kumkatiza.

Jean-Claude huja wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Mtu huyu hajavuka Jinja lakini anaijua Kanada nyumba kwa nyumba. Alitueleza kwamba kule ukilia ni lazima ujipanguse haraka, la sivyo machozi yanageuka kokoto. Watu wakasema eee! Mimi nikatikisa kichwa kama mwenye habari zaidi. Kisha akaniuliza, kwa upole wa kichungaji, kitanda chetu ni cha mbao gani.

Anapima kitanda changu! Nimelalia bado!

Bibiane hacheki tena. Mama Exaucée alimchukua nje, wakakaa karibu na karo la kufulia, wakanong'ona muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Nikamuuliza kuna nini. Akasema moshi. Nani alikuwa amewasha moto?

Usiku akalala chini ya blanketi la zawadi na kuniachia koti. Katikati yetu kulikuwa na nafasi ya kupita baiskeli.

Alhamisi, 11 Juni

Mshtuko juu ya mshtuko.

Asubuhi Santina amekuja na mwanamume mrefu aitwaye Olweny, na kamba ya kupimia. Wakaanza kupima chumba changu nikiwa ndani nimevaa kaptula. Nikauliza kulikoni. Santina akashangaa mimi nashangaa. Alisema: “Mzee, wewe unaenda kwa wazungu, si ndiyo? Na mama aliniambia yeye anaenda kwa dada yake Wandegeya. Sasa chumba ibaki na nani? Na kuku?” Chumba amempa Olweny. Anaingia Jumatatu.

Nikakimbilia kwa Marjan. Nilitaka mtu wa kunionea huruma. Marjan alikuwa chini ya lori lake, akatoa kichwa tu. Akanitazama vibaya. Alisema yeye ni jirani, hapendi kuingilia nyumba ya mtu, lakini kwao Bombo mwanamume hafanyi vile. Nikauliza vipi. Akasema: “Koti moja, mzee. Wewe umenunua koti moja.”

Sikuelewa. Kisha nikaelewa, nikakaa chini kwenye oili.

Koti moja, msafiri mmoja! Kila mtu Kisugu anajua kwamba nimejiandikisha peke yangu, kwamba kwenye faili nimejiita kapera, kwamba mke ambaye amebeba mablanketi yangu kuvuka mpaka namrudisha kwa mdogo wake kama chupa ya soda. Ndiyo maana ya machozi karibu na karo! Wanawake wa kwaya hawakuja kuniaga mimi. Walikuja kumpa pole yeye!

Nikarudi mbio. Nikamwambia Bibiane ni uongo mtupu, hakuna faili mpya, hakuna simu, hakuna Kanada. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza: kama ni hivyo, kwa nini tangu Jumapili sijamwambia mtu hata mmoja?

Nikasema kwa sababu ya joto.

Hata mimi nilisikia jinsi lilivyotoka.

Begi limefungwa. Liko karibu na mlango.

Jumapili, 14 Juni

Ibada ya kuniaga imefanyika. Nilisimama mbele ya kanisa kwa heshima, nikatoa maelezo mafupi na ya wazi. Waumini wameelewa. Suala limefungwa. Mengine ni ya faragha ya familia.

Jumatatu, 15 Juni

Nimesoma nilichoandika jana. Hata daftari limeona haya. Acha niandike ilivyokuwa.

Jean-Claude alinikalisha mbele, kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa utepe, na akanilazimisha kuvaa koti ili watu walio nyuma waone. Zipu mpaka kidevuni. Kofia yenye ndevu juu. Jua, ambalo wiki mbili nzima lilijificha, lilichagua saa ile kutoka. Bati likaanza kulia. Mimi nikaanza kuchemka. Kwaya ikaimba kuhusu safari, kisha Jean-Claude akahubiri theluji mpaka wazee wakajikunyata. Halafu akanipa kipaza sauti.

Nilisimama ili kusema ukweli. Naapa. Niliyaona macho yao yote yananingoja, nikafungua mdomo, nikasikia sauti yangu ikisema: “Ndugu zangu, kule ni mbali.” Wakasema amina. Nikasikia sauti yangu ikiahidi kutuma picha. Nikasikia ikimwahidi Jean-Claude kitanda! Nilikuwa ndani ya koti nikimsikiliza huyo mtu kwa hofu. Nani angemzuia?

Bibiane alimzuia. Alikuwa amekaa nyuma na begi lake miguuni, tayari kwa Wandegeya. Akasimama. Hakupaza sauti. Alisema hivi: “Papa Mugisho, nakuuliza kitu kimoja tu, mbele ya watu hawa. Kwenye ile faili, jina langu limo ao halimo?”

Kanisa zima likanigeukia. Hata watoto.

Nikasema hakuna faili. Sijaitwa. Siendi Kanada, siendi hata Bwaise. Koti nililinunua kwa ajili ya kiuno chake, kwa kuwa lilikuwa rahisi, na niliwaacha waje nyumbani kwa kuwa walikuwa na joto. Nilisema yote hayo bila kupumua, jasho likiingia mdomoni.

Mtu wa kwanza kutabasamu alikuwa Jean-Claude. Uso wake uling'aa kama wa mtu aliyepata uponyaji. Simlaumu. Amengoja simu ile kuliko sisi wote. Wa kwanza kucheka alikuwa mama Exaucée, na kicheko chake kikavunja ukuta, kanisa zima likacheka, wengine wakigonga mabenchi. Kisha mama Exaucée huyo huyo akanyoosha kidole na kusema soksi zake azikute zimefuliwa.

Bibiane hakucheka. Alikuja mbele, akasimama karibu sana, akauliza kwa sauti ya mimi na yeye: kwa nini moja? Kama nilikuwa na hela ya la kwanza, na la pili lilikuwa karibu na bure, kwa nini nilinunua moja?

Nikasema tukiwa na mawili, kila mtu angelala na lake.

Alinitazama. Hayakuwa macho ya kupiga. Akanifungua zipu, akanivua koti kama mtu anayemenya muhogo, akalivaa yeye. Katika joto lile! Akaniambia nibebe begi. Nikauliza kwenda wapi. Akasema nyumbani, kwani mimi nina nyumba ngapi?

Nyumba tunayo bado. Olweny, ambaye Alhamisi alitazama sakafu tu, alipoona kuta asubuhi hii aliondoka na kamba yake bila kuaga. Santina anasema nipake rangi kwa mkono wangu, na nimwombe kuku msamaha. Blanketi, sweta na soksi vimerudi kwa wenyewe. Jana tulilala wawili chini ya koti moja, miguu nje, mgongo kwa mgongo. Sijambo. Hajambo.

Nimejifunza mengi. La kwanza ni kwamba nilikosea kutegemea joto la watu. Watu wana midomo.

Leo asubuhi Marjan, ambaye tumepatana, amenieleza jambo la ajabu. Hubeba samadi ya kuku iliyochanganywa na makapi ya kahawa kutoka kwa wafugaji, na lundo lake hujichemsha lenyewe! Bila makaa, bila umeme. Ukitia mkono ndani unautoa mbio. Ana lori zima ambalo mnunuzi amelikataa. Nimelichukua. Atalimwaga mchana huu nyuma ya chumba chetu, dirishani, upande anaolala Bibiane, kiuno chake kipate joto moja kwa moja. Amekwenda Wandegeya kumsalimia Annick na atarudi jioni. Sijamwambia kitu. Wala Santina. Nataka waone wenyewe.

Kuhusu harufu, Marjan amenihakikishia kwamba mtu huizoea. Alikuwa akisema hivyo na kitambaa kimemfunika pua, kwa hiyo sikumsikia vizuri.